Mafundo Arobaini na Moja

Karani wa ardhi ameniuliza mara mbili:
"Marehemu aliitwa nani hasa?"
Kwenye stakabadhi ni Nyamvua binti Mwatari,
kwenye hati ya mirathi ni Nyamvula,
na nyumbani, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
hakuwa na jina. Tulimwita Bibi Uji,
sisi ambao hakuna hata mmoja aliyemwona.

Mama mkubwa Mejumaa anasema alitoka Moa kwa miguu,
mtoto mgongoni, kuku kwapani,
na kuku huyo ndiye aliyelipia chumba cha kwanza.
Mjomba Mwinyihija anacheka. Kuku gani?
Alikuja na talaka aliyoidai mwenyewe,
na hiyo ndiyo mliyoifunika kwa manyoya.

Wanapatana kwa hili tu:
saa kumi za usiku kuni zimeshika,
alfajiri mtungi u kichwani,
naye yuko njiani kwenda mashamba ya mkonge
walikokuwa manamba,
watu wa Njombe, wa Songea, wa Urundi,
viganja vimechanwa na miiba,
lugha zao hakuijua hata moja.
Njaa aliijua.

Uji wa mtama, pilipili manga, chumvi ya kubahatisha.
Kata moja, ndururu mkononi
au fundo kwenye kamba.
Maana mshahara ulingoja kipande kijae,
siku thelathini za kukata,
na tumbo halijui kipande.
Basi alisokota singa za mkonge uleule,
kila mtu na kamba yake, kila kata na fundo lake.
Kipande kikijaa mtu anakuja, wanahesabu wawili,
fundo linafunguliwa mbele ya macho yake.

Hakuna aliyemdhulumu, anasema Mama mkubwa.
Walimdhulumu wengi, anasema Mjomba,
ila kamba zao alizitia motoni
akapikia uji wa kesho yake.

Kamba moja haikuchomwa.
Tuliikuta chini kabisa ya sanduku la mkangazi,
ndani ya leso iliyopauka hata jina lake halisomeki,
pamoja na stakabadhi ya kiwanja
yenye dole gumba lake, jeusi, limeegemea upande
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mafundo arobaini na moja.
Mimi ni mhasibu. Nimekesha na kamba hiyo
kama leja ya kampuni iliyofilisika.
Thelathini ya mwanzo yamekazwa sawasawa.
Kisha pengo, upana wa kidole.
Kisha kumi yaliyofungwa kwa ulegevu,
kama ya mtu ambaye mawazo yake hayapo kwenye kamba.
La mwisho ni kubwa,
fundo juu ya fundo juu ya fundo.

Nani huyu aliyekunywa akapitiliza kipande?

Mgonjwa, anasema Mama mkubwa haraka,
alifia kambini, Mungu amrehemu.
Mjomba anatazama miguu yake.
"Baba yetu alikuwa mrefu," anasema.
"Nionyeshe mrefu mwingine katika ukoo huu."
Mama mkubwa anaondoka kwenda kutazama maharage
ambayo hayajabandikwa.

Hapo ndipo historia yetu ilipofika.
Alinunua kiwanja, akajenga vyumba vinne,
akazika mmoja, akalea mmoja,
deni moja hakulidai wala hakulisamehe.
Alilikunja vizuri, akaliweka chini ya nguo za Idi.

Karani anangoja. Foleni nyuma yangu inakohoa.
Anataka jina moja, shahidi mmoja, kiapo kimoja.
Kamba imo mkobani mwangu.
Siitoi. Fundo la miaka yote hiyo
halifunguliwi mbele ya mtu ambaye hakunywa.

"Nyamvula," namwambia. "Kwa la.
Alizaliwa mvua ikinyesha."

Anaandika. Anakosea.
Anafuta kwa mate na kidole,
anaanza tena.